Shajara ya kazi: .303 ya mzee wa Sengerema na bolti iliyopasuka

Kupokea

Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya kijeshi ya Waingereza, risasi .303, imetengenezwa Long Branch, Kanada, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mbao ya mbele imekatwa ikawa bunduki ya kuwindia, shabaha ya nyuma ni ile ya awali. Mtutu kwa ndani unang'aa kuliko nilivyotarajia, mifereji bado mikali. Mwenyewe ni mzee wa Sengerema, mkulima wa mihogo na mahindi, leseni yake hai. Nimelinganisha namba ya bodi, ile sehemu ya chuma inayobeba bolti, na kitabu chake kabla hata hajaketi, zinalingana.

Malalamiko ni mawili. Mkono wa bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu, umekuwa mgumu kuinua baada ya kupiga, na risasi hazifiki tena anapolenga. "Kijana wangu, zamani nikilenga bega la nguruwe pori nalipata bega. Sasa sijui inakwenda wapi."

Malalamiko hayo yakija pamoja kwenye Lee-Enfield, mimi huacha kuwaza shabaha na huanza kuwaza bolti. Nimemwambia bunduki isipigwe tena, hata risasi moja, mpaka niifungue yote. Ameiacha na kitabu chake cha leseni, nikaandika hati ya kupokea, yeye nakala na mimi nakala.

Kufungua na kusafisha

Bolti ya Lee-Enfield ina vipande viwili vikubwa: mwili wenyewe, na kichwa kidogo cha mbele kinachoingia kwa skrubu. Nimetoa kichwa, nikatoa pini ya kufyatulia na springi yake. Kila kipande kimeloweshwa kwenye mafuta ya taa na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Uchafu uliotoka ni mweusi na mzito, umechanganyika na mafuta yaliyoganda ya miaka mingi. Na mafuta hayo hayapo kwenye bolti peke yake, yapo mpaka ndani ya chemba, pale risasi inapokaa. Hilo nimeliandika pembeni, nitalirudia.

Kwa macho matupu sikuona kitu. Kwa lenzi niliona mstari kwenye shina la jino la kushoto, moja ya meno mawili yanayoifunga bolti ndani ya bodi, mwembamba kama unywele, ukipita kwenye kona ambapo jino linaungana na mwili wa bolti. Mstari kama huo unaweza kuwa mkwaruzo wa tupa wa kiwandani, na mkwaruzo si ufa. Sitaki kumtupia mzee bolti yake kwa dhana.

Kwa hiyo rangi ya kupenya, ile ile ambayo wakaguzi wa kuchomelea huitumia kwenye mabomba ya migodini na kwenye meli. Nimefuta bolti kwa asetoni mpaka kitambaa kikatoka safi, nikapuliza rangi nyekundu, nikaiacha ikae ipenye. Kisha nikaifuta yote kwa kitambaa kikavu, na baadaye kwa kitambaa chenye asetoni kidogo. Asetoni hupakwa kwenye kitambaa na kamwe haipulizwi kwenye chuma, kwa sababu ukiipuliza inaingia ufani na kuiosha rangi unayoitafuta. Mwisho unga mweupe. Mkwaruzo hubaki mweupe. Ufa unaitema rangi.

Umeitema. Mstari mwekundu umejichora kwenye shina lote la jino la kushoto, ukapinda na kuingia kwenye mwili wa bolti. Si ufa wa juu juu.

Nimefanya vivyo hivyo kwenye bodi, pale ndani ambapo meno ya bolti huegemea. Hapa ndipo moyo ulinidunda, maana bolti hubadilishwa lakini bodi yenye ufa ndiyo mwisho wa bunduki. Bodi iko safi. Hakuna hata doa.

Jibu kwa mjukuu

Mjukuu wa mzee amenipigia simu. Ana rafiki wa gereji Igoma anayechomelea vizuri, wamekubaliana bei, anaomba bolti tu. Kijana ana nia njema, anataka kumwokolea babu yake fedha, na nimemjibu kwa urefu kwa sababu anastahili kuelewa.

Hesabu ni hii. Risasi ya .303 kwa kipimo cha juu cha Ulaya hufikia shinikizo la megapaskali 365. Kitako cha ganda lake kina kipenyo cha milimita 11.7 hivi, yaani eneo la milimita mraba kama 107. Zidisha, unapata nguvu ya karibu kilonewtoni 39, sawa na uzito wa tani nne kwa makadirio ya juu. Tani nne, mzigo wa lori dogo la samaki linalotoka Mwaloni, zikija zote mara moja kuelekea usoni mwa mpigaji, na kinachozizuia ni meno mawili ya chuma kwenye bolti.

Meno hayo hayakupata nguvu kwa umbo pekee. Yamekomazwa: yamepashwa joto kwa kipimo na kupozwa kwa kipimo, ili uso uwe mgumu na kiini kibaki na unyumbufu. Moto wa kuchomelea unafuta kazi hiyo yote. Pale ulipochomea panakuwa na chuma kingine, na kando yake kunabaki ukanda uliopata joto lisilojulikana, mahali pengine laini, mahali pengine pakavu kama kioo. Kwa nje utaona kazi safi, imesagwa, imepakwa weusi. Ndiyo maana ninaiogopa kuliko ufa unaoonekana.

Akaniuliza, je, baada ya kuchomelea si tuipashe joto tena mpaka iwe nyekundu, tuichovye kwenye mafuta? Wahunzi wanafanya hivyo kwa majembe na mapanga, na panga linakata. Nikampa mfano wa Springfield Armory kule Marekani, kiwanda cha serikali chenye mafundi waliobobea. Bunduki zao za modeli ya 1903 zilikomazwa kwa miaka mingi na mafundi waliopima joto la chuma kwa jicho, kwa rangi yake. Siku ya jua kali chuma huonekana cheusi kuliko kilivyo, fundi akaongeza moto. Siku ya mawingu akaona vingine. Bodi nyingi zikaungua ndani bila kuonekana. Mwaka 1917 baadhi zilipopasuka vibaya wakachunguza, na mwaka 1918 wakabadilisha namna ya kukomaza. Mpaka leo bunduki za kiwanda hicho zenye namba chini ya 800,000 watu hushauriwa wasizipige. Kama wale walikosea, mimi na rafiki yako wa Igoma tukitazama rangi ya chuma chini ya jua la Mwanza tutapata nini?

Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Basi baba mdogo, tafuta bolti nyingine." Namshukuru kwa kusikiliza.

Kuna jambo lingine ambalo nimemweleza, ingawa halikuhitaji hesabu: ukarabati wa silaha nchini ni kazi ya mwenye leseni, na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mchezo. Gereji ikipokea bolti ya bunduki mezani, matatizo yanampata mwenye gereji na yanampata mzee.

Ilipasuka kwa nini

Hii ndiyo sehemu iliyonikalia kichwani zaidi ya zote. Ningeweza kuagiza bolti leo na kumaliza. Lakini chuma hiki kilitengenezwa kustahimili, na bunduki nyingi za aina hii zimepiga tangu miaka ya 1940 bila kupasuka. Kilichoipasua hii bado kipo mahali fulani, na nikiweka bolti mpya bila kukijua, nimeweka chakula kingine mdomoni mwa yule yule.

Nimeanza na namba. Kwenye Lee-Enfield namba ya bunduki hupigwa pia nyuma ya mkono wa bolti, kwa sababu bolti ilioanishwa na bodi yake kwa mkono wa fundi wa jeshi. Namba ya mkono huu si ya bunduki hii. Imefutwa kwa tupa nusu, lakini chini ya mwanga wa pembeni tarakimu za zamani zinasomeka. Miaka mingi nyuma, kabla ya mzee kuinunua, mtu alichukua bolti ya bunduki nyingine akaichomeka hapa.

Kisha nikaangalia kichwa cha bolti. Vichwa vya Namba 4 vilitolewa kwa saizi, 0 mpaka 3, kila namba ndefu kidogo kuliko iliyotangulia, ili fundi apunguze ule mwanya kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Kilichopo ni 3, kirefu kuliko vyote. Na hata hivyo, nilipoingiza geji ya mwisho ya kijeshi, kipande cha chuma cha kupimia mwanya huo, ya inchi .074, bolti ilifunga juu yake bila kubisha. Isingepaswa kufunga. Kwa hiyo mwanya ulikuwa mpana, mtu akaufunika kwa kichwa kirefu, na bado ukaendelea kupanuka kadiri jino lilivyokuwa likisogea nyuma.

Halafu masizi. Nimewasha kibatari, nikapitisha nyuma ya meno yote mawili juu ya moshi mpaka yakawa meusi tititi. Nikaweka geji kwenye chemba pamoja na kipande cha bati jembamba ili bolti isukumwe nyuma, nikafunga taratibu na kufungua. Masizi hayadanganyi: palipogusa panabaki kung'aa. Jino la kushoto liling'aa lote. Jino la pili, ule ubavu mrefu wa kulia, ambao unapaswa kubeba nusu ya mzigo, ulibaki mweusi kama nilivyoupaka.

Bolti hii ilikuwa inafunga kwa jino moja, na jino moja ndilo lililobeba kila risasi tangu siku ile ilipochomekwa hapa. Ndipo pia ninapoelewa shabaha kupotea. Lee-Enfield hufungia nyuma ya bolti, tofauti na Mauser ya 1898 inayofungia mbele karibu na chemba. Bolti yake hunyumbuka kidogo kila inapopigwa, na ikibanwa upande mmoja hunyumbuka kwa upande, mtutu nao ukatikisika vibaya.

Bado nilikuwa na swali la mafuta. Mzee alipokuja kuuliza hali, baada ya mwangaluka na shikamoo, nilimuuliza anatunza vipi risasi zake. Alinieleza kwa fahari kabisa: anaishi karibu na ziwa, unyevu ni mwingi, shaba inaota kutu ya kijani, kwa hiyo kila risasi anaipaka mafuta ya cherehani, na chemba vilevile. Hajawahi kupoteza risasi kwa kutu. Hiyo ni kazi ya mtu anayependa chombo chake, na nilimwambia hivyo kwanza.

Lakini ganda kavu, risasi inapolipuka, hutanuka na kushika kuta za chemba, na kwa kushika huko linapunguza mzigo unaofika kwenye bolti. Ganda lenye mafuta halishiki. Linateleza nyuma na kuibwaga nguvu karibu yote usoni mwa bolti. Maji ya mvua hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo jino lililokuwa limebeba mzigo wa meno mawili likaongezewa na ule ambao kuta za chemba zingeubeba.

Alikaa kimya akitazama bolti ile nyekundu na nyeupe mezani. "Kumbe nilikuwa naiumiza." Nikamwambia hapana baba, aliyeiumiza ni yule aliyechomeka bolti ya wenyewe bila kuipima. Mafuta yalimalizia tu, na mafuta hayo hayo ndiyo yaliyouokoa mtutu.

Kutafuta bolti

Hapa sina mengi. Sehemu za silaha haziji kwa kifurushi cha kawaida, kibali cha polisi hutangulia, na karatasi husubiriwa. Nimeomba mwili wa bolti wa Namba 4 ambao haujawahi kupewa bunduki, usio na namba, pamoja na vichwa viwili, 1 na 2. Iliyotumika ni rahisi zaidi, lakini sitaki kununua historia nyingine nisiyoijua.

Wakati wa kusubiri nimeosha chemba mpaka kitambaa kikatoka kikavu na cheupe, na nimesafisha magazini.

Kuoanisha

Bolti imefika ikiwa ndani ya grisi ya kuhifadhia. Nimeiosha na kabla ya yote nikaipaka rangi ya kupenya, mpya au si mpya. Safi.

Masizi tena. Safari hii ubavu wa kulia ndio ulioshika, jino la kushoto likagusa kwa kona tu. Nilitarajia kitu kama hicho, ndiyo sababu kazi hii ni ya fundi na si ya kubadilisha na kuondoka. Kinachotakiwa ni kupunguza kidogo sana kule kunakoshika sana mpaka meno yote mawili yafike pamoja.

Tupa haiguswi hapa. Uso wa jino ni mgumu, lakini ugumu huo hauendi kina kirefu, ukiutoboa unafika kwenye chuma laini na jino litaanza kukaa chini kwa kila risasi. Nimetumia jiwe laini la mafuta, mstatili, nikilishikilia sambamba na uso wa jino, mipito michache, kisha kuosha, kupaka masizi, kufunga, kufungua, kutazama. Kazi inayochosha shingo kuliko mikono. Mtu akija dukani wakati huu namwomba arudi, kwa sababu ukizungumza huku unasugua jiwe linainama bila wewe kujua.

Mpaka jioni ya pili ya kazi hii masizi yalikuwa yanatoka pande zote mbili. Kushoto bado pana kipande cha nyuma kisichogusa, lakini sehemu kubwa ya meno yote mawili inang'aa, na ninaliacha hapo. Kutafuta mguso wa asilimia mia kungenipeleka chini ya ule ugumu.

Geji

Kichwa namba 1: geji ya chini, inchi .064, bolti inafunga bila kulazimishwa. Geji ya juu, .074, inakataa na mkono unabaki juu. Hapo ndipo panapotakiwa, kati ya milimita 1.63 na 1.88. Nimejaribu na namba 2 pia kwa kutaka kujua. Inafunga kwa kubana kwenye .064, haina haja. Namba 1 ndiyo yake.

Pini ya kufyatulia inatokeza milimita moja na kidogo, ncha yake ni mviringo safi. Kucha ya kuvuta ganda inashika. Nimepiga namba ya bunduki nyuma ya mkono wa bolti mpya, tarakimu kwa tarakimu, na kuandika mabadiliko yote kwenye daftari la kazi kwa ajili ya polisi. Bolti iliyopasuka haikai dukani kwangu. Imekabidhiwa huko pamoja na maandishi, namba yake ikiwa imeandikwa kama ilivyosomeka.

Kiwanjani

Risasi ya kwanza baada ya kazi kama hii haipigwi begani. Bunduki ilifungwa kwenye tairi zito, kamba ndefu kwenye triga, sote nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga. Risasi kavu, chemba kavu, kichwa cha risasi cha uzito wa greni 180. Ikapiga. Mkono wa bolti ukainuka kwa kidole.

Ganda la kwanza nalichunguza kuliko mtutu. Kwa nje naangalia kama kuna mviringo unaong'aa juu kidogo ya kitako, dalili kwamba ganda linanyooka. Kwa ndani natumia waya uliokunjwa ncha, unaupitisha ukutani kutoka chini kwenda mdomoni. Kama ukuta wa ganda unapungua, ncha inaangukia kwenye mfereji na mkono unausikia. Sikusikia kitu. Kwenye maganda ya zamani ya mzee, ambayo nilimwomba aniletee, mfereji huo ulikuwepo kwenye mengi. Yalikuwa karibu kukatika vipande viwili.

Baada ya risasi chache kwenye tairi nilirudia rangi ya kupenya pale pale, juu ya kiti cha gari. Bolti safi, bodi safi. Ndipo nikaipiga begani, na baadaye nikamwachia mzee. Kwa mita mia moja alilaza mafungu ambayo kiganja kinayafunika. Alicheka kwa sauti, akanishika mkono na hakuuachia haraka.

Kukabidhi

Mzee amechukua bunduki na kitabu chake, na mambo matatu nimemwandikia kwa kalamu kwenye karatasi ya risiti kwa sababu anaisoma vizuri zaidi kuliko ujumbe wa simu: mafuta kwenye bolti na mtutu baada ya kupiga, ndiyo, chemba ifutwe kavu kabla ya kupiga, risasi zikae kavu kwenye kopo la mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, bila tone la mafuta ya cherehani. Maganda yenye mfereji amekubali yaharibiwe.

Aniletee bunduki baada ya msimu wa nguruwe kwenye mihogo kuisha, nirudie masizi na geji ya .074. Meno mapya hukaa kidogo mwanzoni, na ninataka kuona kama kile kipande cha kushoto kimeanza kugusa.

Kitako cha mbao kina ufa nyuma ya skrubu ya bodi, nimeuona wakati wa kufunga. Si wa hatari kwa sasa. Nimetenga kipande cha mninga kwa ajili yake.